Sura ya Sita: Mayai Yanayosubiri

Mchinje kuku anayetaga, mpasue taratibu, na kabla hujafika kwenye firigisi utakutana na shada la viini. Kila aliyewahi kutengeneza kuku jikoni analijua. Kiini cha kwanza ni kikubwa, cha njano iliyokolea, kingetoka kesho. Cha pili ni kidogo kuliko hicho, kingetoka keshokutwa. Hufuata kingine, na kingine, mpaka unafika kwenye vipunje vyeupe vya milimita moja au mbili, na nyuma ya hivyo vipo maelfu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Watoto hugombania vile vikubwa vikishachemshwa. Shada hilo ndilo ovari, na kuku anayo moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto.

Sasa mchinje kuku wa namna hiyohiyo wiki mbili baada ya kuanza kuatamia, jambo ambalo hakuna mama wa kijijini atakayekukubalia. Shada halipo. Viini vikubwa vimenyonywa na kurudishwa mwilini, na ovari imenywea ikawa kama ya mtetea ambaye hajaanza kutaga. Anayeatamia hula kidogo sana, huinuka mara moja kwa siku adonoe, anywe maji, aende haja, arudi. Hupungua uzito waziwazi. Vifaranga wakishatoka na kukua kiasi, huanza kula kama zamani, na ovari huamka tena.

Wafugaji wa kuku wa mayai wa Marekani walilijua jambo hili wakalifanya biashara. Kuku akifikisha mwaka na nusu hivi, mayai yanapungua na maganda yanakuwa laini. Badala ya kumuuza, walimnyima chakula kwa siku kadhaa mpaka akanyonyoka manyoya na kuacha kutaga, kisha wakamlisha upya. Alirudi na maganda magumu na utagaji bora kuliko wa wiki zilizotangulia. Ni desturi ya kikatili, na wafugaji wengi wameachana na njaa na kutumia vyakula hafifu mahali pake, lakini ilithibitisha kwa mamilioni ya kuku jambo ambalo maabara zilikuja kulichunguza baadaye: ovari husikiliza tumbo.

Swali la sura hii ni kama usikivu huo unaweza kutumiwa kuchelewesha uzee wa ovari yenyewe. Nimechagua kulitazama nikiwa Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, mkoani Kagera, kwa sababu hapa pana ng'ombe, migomba na watu wanaoishi kwa kutegemeana, na kwa sababu majibu mazuri ya panya wa maabara hubadilika sura yakifika kwenye banda la ng'ombe wa Kagera.

Kwanza hesabu. Mtoto wa kike, mimba ikiwa na miezi mitano, ana mayai milioni 6 hadi 7 kwenye ovari zake. Hatawahi tena kuwa na mengi kiasi hicho. Anapozaliwa yamebaki milioni 1 au 2, na anapovunja ungo ni laki 3 au 4. Atakayoyapevusha maishani hayafiki 500. Mengine yote hufa kimyakimya, mwezi hadi mwezi, awe ameolewa au hajaolewa, awe mjamzito au anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Yakibaki kama 1,000, hedhi hukoma. Na hata kabla ya hapo, yaliyosalia yamechakaa: kromosomu zinapogawanywa, moja hubaki upande usio wake, na ndiyo maana mimba za mwanamke wa miaka 42 huharibika mara nyingi kuliko za binti wa miaka 25.

Ng'ombe naye ana daftari lake. B. H. Erickson, mtafiti wa Marekani, alihesabu mwaka 1966 na kukuta kwamba kijusi cha ndama jike kina mayai takriban milioni 2.7 karibu siku ya 110 ya mimba. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Anapozaliwa, mayai hayo yamebaki chini ya laki moja. Msomaji aishike hiyo siku ya 110, tutaihitaji mbele.

Mhimilishaji hahitaji darubini kujua hali ya ovari. Huvaa glovu ya plastiki inayofika begani, huipaka sabuni au mafuta, huingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa ya ng'ombe, na kupitia ukuta wa utumbo huupapasa mji wa mimba na kisha ovari, moja baada ya nyingine. Ovari yenye afya ina urefu wa sentimita 3 au 4, na kidole husikia uvimbe: kifuko kilichojaa maji kinachokaribia kupasuka, au kinundu kigumu kidogo kilichobaki baada ya yai kutoka. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huwa na ovari ndogo, laini, zisizo na kitu juu yake. Zimelala. Mfugaji hulalamika kwamba ng'ombe wake haingii kwenye joto, huomba sindano, na bwana mifugo anayeijua kazi yake huanza kwa kuangalia hori.

Njaa inaweza kuilaza ovari. Hilo halina ubishi. Yanayobaki kuulizwa ni kama ovari iliyolala hutunza mayai yake, na ikiamka kama huwa changa kuliko ya wenzake.

Kwa panya, inaelekea ndiyo. Tangu mwaka 1935, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoonyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula waliishi muda mrefu kuliko wenzao, wataalamu wamekuwa wakirudia jaribio hilo kwa kila kiumbe wanachoweza kukifungia. Sharti lake ni moja na watu hulisahau: kinachopunguzwa ni kalori. Protini ya kutosha, vitamini na madini lazima vibaki. Mwaka 2008, kundi la Jonathan Tilly huko Boston liliwapunguzia chakula panya majike waliokwisha kukomaa, likawaweka hivyo mpaka wakafikisha umri wa miezi 15 na nusu, kisha likawaachia wale watakavyo na kuwapandisha. Panya walioshiba maisha yao yote walikuwa wamekwisha kufunga uzazi katika umri huo. Waliopunguziwa waliendelea kuzaa, baadhi yao hadi miezi 23, umri ambao kwa panya ni ukongwe kamili. Mwaka 2011 kundi hilohilo liliyatazama mayai yenyewe na kukuta kwamba kromosomu za panya wazee waliopunguziwa chakula ziligawanyika vizuri, karibu sawa na za vijana.

Ndani ya seli ipo protini iitwayo mTOR. Ndugu yake aligunduliwa kwenye hamira mwaka 1991, katika maabara ya Michael Hall huko Basel, Uswisi. mTOR ni kama nyapara wa shamba: akiona chakula kimefika, huamuru kazi ianze, protini zijengwe, seli zikue. Katika ovari, amri hiyo ndiyo huviamsha vifuko vilivyolala, kila kimoja na yai lake, na kifuko kikishaamka hakirudi kulala. Hupevuka au hufa. Chakula kikipungua, amri hupungua, na vingi huendelea kusubiri.

Kama ni hivyo, kwa nini mtu ateseke na njaa ilhali anaweza kumnyamazisha nyapara kwa kidonge? Kidonge kipo, na historia yake ni tamu kuliko dawa nyingi ninazozijua. Mwaka 1964 msafara wa madaktari kutoka Kanada ulikwenda kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki na kurudi na sampuli za udongo. Ndani ya udongo huo, mkemia mzaliwa wa India ya kikoloni, Suren Sehgal, akifanya kazi Montreal miaka ya 1970, alipata bakteria anayetoa kemikali ya kuua kuvu. Ikaitwa rapamycin, kwa heshima ya kisiwa. Kampuni iliyomwajiri ilipoifunga maabara ya Montreal, Sehgal alihifadhi kiasi chake kwenye friji ya nyumbani kwake mpaka alipopata wa kumsikiliza. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kazi nyingine kabisa: kuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa.

Mwaka 2009 ilionekana kwamba panya waliolishwa rapamycin wakiwa tayari wazee wa siku 600 waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 zikafuata ovari: panya majike, vijana na wa makamo, walipewa dawa hiyo kwa wiki 2 tu, na baadaye wakaendelea kuzaa kupita wenzao ambao hawakuipata. Wakiwa wanaitumia, mzunguko wao ulivurugika. Ovari zilichukua kama miezi miwili baada ya dawa kukoma ndipo zikarejea kazini. Kama ilivyo kwa kuku anayeatamia, faida ya kesho ililipiwa kwa kutozaa leo.

Dawa nyingine nitazipitia upesi. Metformin, kidonge cha kisukari kilicho katika kila duka la dawa la Bukoba, imewasaidia panya kutunza mayai. NMN, kitu kinachoongeza molekuli ya nishati iitwayo NAD, iliboresha mayai ya panya wazee nchini Australia mwaka 2020. Zote zina ushahidi wa panya, na nyingine, kama NMN, zina wauzaji wengi mtandaoni kuliko zilivyo na majaribio kwa binadamu.

Kwa wanawake, jaribio linalotajwa sana ni la Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lililoanza mwaka 2023 chini ya Zev Williams na Yousin Suh. Lilipangwa kwa wanawake 50, wapewe rapamycin kidogo mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Wanawake 50 wanatosha kuonyesha kama dawa inavumilika na kama vipimo vya ovari vinasogea. Hawatoshi kutuambia kama mtu atazaa akiwa na miaka 45.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu panya anayelinganishwa na wale waliopunguziwa chakula huwa hatazamwi. Panya wa kawaida wa maabara ana chakula mbele yake saa 24. Hana pa kukimbilia wala haogopi paka. Hunenepa. Tunaposema kwamba mwenzake aliyepunguziwa chakula alichelewa kuzeeka, inawezekana tunachokiona ni panya mnene aliyewahi kuzeeka, akilinganishwa na panya aliyekula kama panya. Nani katika Maruku anafanana na yule panya mnene? Labda mtumishi mmoja wawili wa ofisini, nikiwemo mimi. Ng'ombe hafanani naye hata kidogo.

Mwangalie ng'ombe wa kisasa katika kibanja, yaani shamba la migomba, cha Mhaya. Uzao wake ulifika hapa kwa wingi kupitia mradi wa KALIDEP uliosaidiwa na Uholanzi, na kupitia mitamba ya Kikulula kule Karagwe, na kupitia utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambamo ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Anasimama bandani kutwa. Asubuhi huletewa majani kutoka rweya, nyasi za mbugani ambazo kiangazi huwa ngumu na hafifu. Mchana ni maganda ya ndizi na vipande vya mgomba. Mgomba ni maji kwa sehemu kubwa. Humjaza tumbo ng'ombe na kumwacha bila protini. Mwenye uwezo huongeza mabingobingo, pumba, mashudu na jiwe la chumvi. Samadi yake ndiyo inayorudisha uhai chini ya migomba, na mtafiti Frederick Baijukya, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, alionyesha katika tasnifu yake ya Wageningen ya mwaka 2004 jinsi upungufu wa ng'ombe na samadi ulivyoviacha vibanja vikichoka. Kwa hiyo ovari ya ng'ombe mmoja iliyolala hapa ina deni mara tatu: hakuna ndama, hakuna maziwa, na mwakani mkungu utakuwa mwembamba.

Sasa ile siku ya 110. Watafiti wa Ireland walichukua mitamba ya nyama wakawalisha asilimia 60 tu ya chakula kinachohitajika kuutunza mwili, kuanzia siku chache kabla ya kupandishwa mpaka siku ya 110 ya mimba, kisha wakawarudishia chakula kamili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ndama walizaliwa na uzito wa kawaida. Mfugaji asingeona kasoro yoyote. Lakini ndama majike walipopimwa kwa utrasaundi, vifuko vilivyokuwa vikikua kwenye ovari zao vilikuwa pungufu kwa asilimia 60 vikilinganishwa na vya ndama ambao mama zao walishiba. Njaa ileile ambayo kwa panya aliyekomaa hutunza akiba, kwa kijusi huipunguza kabla mwenyewe hajaiona dunia.

Jaribio hilo lina uzito kuliko yote katika sura hii kwa mtu wa Kagera, na ninashangaa kwamba linasikika kidogo kuliko habari za rapamycin. Linasema kwamba ovari ya mtamba utakayempa jirani yako mwaka wa tatu kutoka leo inaandaliwa sasa, katika miezi minne ya kwanza ya mimba, wakati tumbo la mama yake halijaonyesha kitu na hakuna anayefikiria kumwongezea pumba.

Wapo wanyama waliolitatua tatizo la uzee wa ovari bila msaada wetu. Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia huishi chini ya ardhi fuko asiye na manyoya, ambaye Jennifer Jarvis alianza kumchunguza nchini Kenya miaka ya 1960. Kila kundi lina malkia mmoja anayezaa; majike wengine wote ovari zao zimelala mpaka malkia afe. Malkia huweza kuishi zaidi ya miaka 30 na kuzaa mpaka uzeeni. Mwaka 2023 watafiti walihesabu mayai ya fuko wa siku 8 wakapata wastani wa milioni 1.5, mara 95 ya panya wa umri huo, na wakaona kwamba mayai mapya huendelea kutengenezwa hata baada ya kuzaliwa. Binadamu hatuna hiyo.

Jamaa zetu wa karibu zaidi wapo Ngogo, katika msitu wa Kibale, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Sokwe wa Ngogo wana matunda mengi na chui ni wachache, hivyo huishi maisha marefu. Brian Wood na wenzake, mwaka 2023, walichapisha kumbukumbu za majike 185 zilizokusanywa kwa miaka 21. Uzazi ulianza kushuka baada ya miaka 30, na hakuna aliyezaa baada ya 50. Homoni katika mikojo yao zilibadilika kama za mwanamke anayekoma hedhi. Chakula kizuri kiliyarefusha maisha yao, na ovari zikafunga palepale penye umri wa 50. Ningekuwa mwekezaji wa vidonge vya ovari, ningewasoma sokwe hawa kabla ya kusaini hundi.

Na wanawake wa Buhaya, nchi ya Wahaya? Historia yao ni onyo dhidi ya kuisingizia ovari kila kitu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, uzazi ulikuwa mdogo Buhaya kiasi cha kuwatia hofu wazee, wamisionari na serikali ya kikoloni. Mwanahistoria Shane Doyle ameeleza kwa kirefu jinsi kaswende na kisonono vilivyohusika. Kisonono huziba mirija. Yai hutoka salama kwenye ovari ya msichana na kukosa njia. Baada ya antibayotiki kusambaa, watoto waliongezeka. Hapakuwa na kasoro katika damu ya Wahaya, wala uzee wa mapema.

Hata leo, mwanamke wa miaka 29 anayehangaika kushika mimba anastahili kupimwa mirija na maambukizi, na mumewe kupimwa mbegu, kabla mtu yeyote hajamtajia umri wa mayai. Kufunga kula hakutamsaidia; mwanamke aliyekonda sana hupoteza hedhi kama ng'ombe apotezavyo joto, na hakuna jaribio lililoonyesha kwamba ataongezewa hata mwaka mmoja wa uzazi mbele ya safari. Sigara, kwa upande mwingine, inajulikana: wanaovuta hukoma hedhi mwaka mmoja hadi miwili kabla ya wenzao.

Rapamycin nayo isitazamwe kwa macho ya New York. Dawa hii hupunguza kinga kwa vipimo vikubwa, huweza kuleta vidonda mdomoni na kupandisha mafuta kwenye damu; vipimo vidogo vya mara moja kwa wiki huenda vikawa na nafuu. Lakini Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikoripotiwa mwaka 1983, na Machi 2023 kata ya Maruku ilitajwa duniani kote kwa sababu ya Marburg. Kifua kikuu na malaria havijahama. Kinga ya mwili hapa ina kazi nyingi kuliko kinga ya mwili katika mtaa wa Manhattan, na daktari atakayepima faida na hasara kwa mwanamke wa Maruku hawezi kunakili hesabu za wengine.

Kagera pia imo katika mikoa inayotajwa kila mara kwa udumavu wa watoto, pamoja na ndizi zake zote. Mimba changa inahitaji maharage, dagaa, mayai, na senene msimu ukifika, mapema, kabla kliniki haijamwona mama kwa mara ya kwanza. Mtamba aliyepandishwa wiki iliyopita naye aongezewe majani ya kaliandra au lukina leo, asingojee miezi ya mwisho. Na anayekuuzia chupa ya kurudisha ujana wa mayai, muulize ilijaribiwa kwa mnyama gani na akiwa na umri gani. Mpaka ninapoandika, hakuna dawa iliyoidhinishwa popote, Tanzania wala Marekani, kwa kazi ya kuchelewesha uzee wa ovari.